Mchanga wa Mzee Owuor

Elsie alikuwa amecheza gofu ya kulipwa katika nchi nyingi, lakini babu yake aliyemlea Kaloleni, Kwara kama alivyomwita kwa Kijaluo, hakuwahi kumwona akicheza hata siku moja. Hilo lilimuuma kuliko kombe lolote alilolikosa.

Kila akimwalika, mzee Owuor alikuwa na lake. "Nyinyi mnachezea juu ya zulia. Fimbo zenu zimechorwa na kompyuta. Mngeletwa enzi zile, mngelia."

Jumapili moja, baada ya kanisa, Elsie alichoka kubembeleza.

"Sawa, Kwara, nitengenezee hizo enzi. Nikiingiza mpira, mashindano yajayo unakuja kuniona. Nikishindwa, sikusumbui tena."

Mzee kwa ubishi hajambo, akakubali papo hapo. Wiki nzima akawa anaomba oili chafu kwa mafundi wa magari, anaichanganya na mchanga nyuma ya nyumba. Kopo la siagi akalifukia likawa shimo. Ndivyo viwanja vingi vilivyokuwa zamani, maji yakiwa haba: shimo lilizungukwa na mchanga wenye oili, si nyasi. Jumapili iliyofuata akatoa uvunguni fimbo kuukuu yenye mpini wa mbao.

"Mara tatu tu," akasema.

Mpira wa kwanza uliishia njiani.

"Kwani hii inakwama aje?" Elsie akacheka. Wa pili akaongeza nguvu. Ukaingia kwenye alama ya kiatu chake mwenyewe, ukapinda.

Akachuchumaa kuutazama mchanga. Kisha, bila kuambiwa, akachukua gunia lililokuwa limelala kando ya ukuta, akalikokota polepole hadi shimoni mpaka alama zote zikafutika. Akapiga. Mpira ukajikongoja, ukasita mdomoni mwa kopo, ukatumbukia.

Alipogeuka, mzee hakuwa akiutazama mpira. Alikuwa akilitazama gunia.

"Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu klabuni," akasema. "Mimi nakokota gunia, wenye klabu wanapiga. Hiyo fimbo waliitupa, nikaiokota. Sijawahi kuipigia mpira."

Elsie akaona haya. Miaka yote alidhani babu anakataa kwa dharau.

"Sasa, nyakwara, mjukuu wangu," mzee akauliza kwa sauti ya chini, "nikifika getini nitasema nimekuja kufanya nini?"

"Sema umekuja kumwona mjukuu wako." Akaurudisha mpira ulikoanzia, akamkabidhi fimbo. "Lakini leo piga wewe kwanza."

Mzee akaishika kwa mikono miwili. Elsie akachukua gunia, akaanza kumlainishia mchanga.