Simu Niliyomwachia Dada

Nilikuwa nafua nguo za watu kwa mikono, na nilitaka mashine. Lakini niliwahi kuchelewesha deni, kwa hiyo kampuni ya mikopo ya simu ilikuwa inanikopesha hela ya sabuni tu. Nikaanza kukopa hiyohiyo na kulipa kabla ya siku, ili waniamini tena. Nisije nikaitumia hela hiyo ovyo, nilimpa dada yangu simu na namba ya siri anitunzie.

Miezi kumi na minne sikununua hata ndala. Dada alinicheka mbele ya wateja: "Mwoneni bahili wetu, visigino vimepasuka kama ukuta!"

Ijumaa moja nilienda ofisini kwa ile kampuni kuomba mkopo wa mashine. Karani alitazama kitambulisho changu, akatabasamu.

"Hongera, sasa unaaminika. Leo asubuhi umechukua mkopo wa kiwango cha juu kabisa."

Nilikimbia nyumbani. Dada alikuwa mbele ya kioo, anajaribu viatu vipya.

"Usinitolee macho," alisema, akanirudishia simu. "Shika, mdogo wangu. Mwisho wa kulipa ni tarehe thelathini. Si wewe ndiye hodari wa kulipa?"