Mfalme Aliyekataa Kulazwa

Kila asubuhi saa kumi na mbili, alipomaliza zamu yake ya kuchochea makaa kwenye boila la hospitali ya Znojmo, Silvestr Doležel alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akakata mkate, akaupaka mafuta ya nguruwe, akaweka vitunguu juu yake. Kisha alifungua ubao mdogo wa sataranji na kurudia mchezo mmoja wa zamani, hoja baada ya hoja. Mchezo ulipofika mwisho alimlaza mfalme wa aliyeshindwa, kama desturi ya wachezaji inavyotaka, akakunja ubao na kwenda nyumbani kulala.

Alhamisi moja ya Machi 1973 hakufika hata hoja ya kumi. Mlango wa chuma ulifunguliwa, akaingia Ndugu Koutný, msimamizi wa michezo wa wilaya, akipangusa theluji mabegani.

"Kwako kuna joto, mwalimu," alisema Koutný. "Wengine tunaganda huko nje."

"Karibu, Ndugu Koutný. Mkate upo."

Koutný alichukua kipande bila kukaa.

Doležel hakuwa mwalimu tena. Alifundisha hesabu hadi mwaka 1970, walimu walipoletewa karatasi yenye sentensi moja, kwamba vifaru vya kigeni vilivyoingia nchini Agosti ya miaka miwili kabla vilikuja kama msaada wa kidugu. Wenzake waliweka sahihi. Yeye hakukataa. Alisema amesahau miwani. Wiki iliyofuata alisema angependa kuisoma tena. Alikuwa mtu wa aibu, na neno "hapana" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Walichukua darasa lake, kisha pasipoti, kisha jina. Gazeti liliendelea kuchapisha michezo yake ya sataranji, maana ilikuwa mizuri, ila palipotakiwa jina paliandikwa "mchezaji wa Znojmo".

"Binti yako ameomba kusomea udaktari Brno," alisema Koutný akitafuna. "Alama zake nzuri mno. Itasikitisha akikosa."

Doležel alimkatia kipande kingine.

"Tumekuruhusu kucheza ubingwa wa mkoa. Raundi ya mwisho utakutana na mhandisi Strnad. Sisi tunataka Strnad ndiye aende mashindano ya nje, mjini Sofia. Ile karatasi tuiache kando. Hutaandika neno wala hutasema neno. Utamlaza mfalme, basi, na msichana atavaa koti jeupe."

"Tutaona," alisema Doležel.

"Wewe siku zote ni tutaona. Haya, tuone."

Koutný alipoondoka, Doležel aliutazama ubao. Alitaka kujua tu mkono wake ungejisikiaje. Alimshika mfalme mweupe kichwani, akamlaza. Mfalme akainuka. Aliinuka bila haraka, kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye foleni ya posta. Doležel alimlaza tena, akainuka tena. Makaa yalihitaji kuchochewa, akaenda kuyachochea.

Nyumbani alimweleza Apolena, binti yake, aliyekuwa na miaka kumi na minane, habari ya mfalme huyo.

"Labda meza imeinama," alisema Apolena.

"Nimejaribu sakafuni."

"Jaribu wa mbao. Huyo wa plastiki ni mwepesi."

Walijaribu wa mbao. Waliazima wa mfupa kwa jirani. Wote waliinuka. Apolena aliweka kidau cha chumvi mahali pa mfalme, baba yake akakilaza, nacho kikalala na kumwaga chumvi mezani, kwa sababu kilikuwa kidau cha chumvi. Doležel hakumwambia binti kwa nini alikuwa anajifunza kushindwa, naye binti hakuuliza.

Raundi ya mwisho ilichezwa Jumapili mchana katika ukumbi wa klabu ya wafanyakazi wa reli. Mwamuzi alikuwa mzee Hudec, mkuu wa stesheni mstaafu, ambaye aliheshimu kanuni kuliko daktari wake. Koutný alikaa mstari wa mbele, na Apolena akasimama karibu na dirisha.

Vilém Strnad na Doležel walikuwa wamejuana miaka kumi na mitano. Wakati mmoja mjini Brno, wakigombea ubingwa, mkono wa koti la Strnad uligusa farasi wake, na sheria ni kwamba ukigusa umecheza. Hoja hiyo ingemmaliza. Mwamuzi alikwisha kuja mezani, lakini Doležel alisema, "Ni koti lililogusa, siyo mtu." Siku hiyo Doležel alishindwa, akampa mkono Strnad, na wakaenda kunywa bia pamoja.

Sasa Doležel alicheza vibaya. Hoja ya kumi na saba alitoa ngome yake bure. Wazee wa klabu waliokuwa wakitazama walikunja nyuso.

"Huyu leo kavaa macho ya nani?" mmoja alinong'ona.

Kufikia hoja ya thelathini hakukuwa na la kuokoa. Doležel alisimamisha saa, akamlaza mfalme wake, akanyoosha mkono. Strnad naye akanyoosha wake. Mfalme akainuka.

Mzee Hudec alisogea. "Umemlaza au hukumlaza?"

"Nimemlaza."

"Ninamwona amesimama."

Doležel alimlaza tena. Mfalme aliinuka, safari hii akajiweka sawa katikati ya mraba wake. Hudec alifungua kitabu cha kanuni, akalowesha kidole, akafunua kurasa mbili.

"Mchezo haujaisha," alisema. "Mlaze alale, au tamka kwa mdomo kwamba umeshindwa."

"Mpigie filimbi, mzee, treni iondoke!" alisema mmoja wa wazee, na wenzake wakacheka.

Doležel alifungua mdomo, akaufunga. Shingo yake ilikuwa nyekundu. Alimtazama Apolena, kisha akamlaza mfalme kwa mara ya tatu na kumshikilia kwa kidole. Alipoachia, mfalme alisimama.

Strnad alikuwa hautazami ubao tena. Alimtazama Koutný, ambaye alikuwa akitazama viatu vyake, kisha akayafuata macho ya Doležel hadi dirishani, aliposimama Apolena.

"Silvestr," alisema kwa sauti ya chini. "Ile ngome hata mtoto asingeitoa. Wamekushika wapi?"

Doležel alitazama tena dirishani.

"Kwa msichana?"

Doležel alishusha macho.

Strnad aliutazama ubao tena. Alikuwa na ngome moja zaidi na mchezo mkononi, na Sofia alikuwa hajawahi kuiona. Alimshika mfalme wake mweusi, akamlaza taratibu kama anayefunika kitu. Mfalme mweusi alilala, na hakuinuka.

"Nimeshindwa," alisema Strnad.

Hudec aliandika matokeo, na pembeni, kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi ya maelezo, akaandika: "Mfalme mweupe hakulazika." Akagonga muhuri.

Jumanne gazeti lilitangaza kwamba bingwa wa mkoa ni mhandisi Strnad. Mhandisi aliandika barua ya kupinga. Haikuchapishwa, na Sofia akapelekwa mtu mwingine kutoka Ostrava. Klabuni mambo yaliendelea. Mara moja moja mfalme wa mtu aliinuka, na mwenye mfalme huyo alikaa tena kitini na kuendelea kucheza.

Mwezi Juni Apolena alipata barua kutoka Brno. Ilisema amekosa nafasi, kwa sababu ya wingi wa waombaji. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja.

"Siku ile ulijaribu kushindwa," alimwambia baba yake. "Kwa ajili yangu."

"Nilijaribu, mwanangu."

"Usinifanyie hivyo tena."

Alianza kazi katika kiwanda cha matango ya siki. Jioni vidole vyake vilinuka bizari na siki, naye alisomea udaktari kwenye vitabu vya kuazima, ili awe tayari watakapochoka kumkataa.

Siku moja ya Septemba, saa kumi alasiri, Koutný alibisha mlango wao. Hakuwa na kisasi. Alivua kofia, akaweka karatasi mezani.

"Mwakani kuna mtihani tena," alisema. "Sentensi ni ileile moja. Mimi sitaki ubaya na mtu, mwalimu. Niambie tu tutaona, nami nitaandika kwamba bado unafikiria."

Apolena aliacha kuosha vyombo. Alisogea akasimama nyuma ya kiti cha baba yake.

Doležel aliisoma sentensi hadi mwisho. Shingo ikawa nyekundu, kisha masikio. Aliisukuma karatasi irudi upande wa pili wa meza.

"Hapana," alisema. "Wale wa vifaru hawakualikwa na mtu, na hawakuja kutusaidia. Sitaweka sahihi, leo wala mwakani, na uandike kwamba nimesema hivyo."