Shahidi wa Mzee Gervasi

Wivu wa Selestini ulikuwa mkubwa kwa umri kuliko wajukuu zake, na kila mwisho wa mwezi ulipata chakula kipya. Ndipo jirani yake Gervasi alipopokea pensheni ya enzi za Mwingereza, na kijiji kizima cha Mwamgongo kikajua, maana harufu ya samaki, migebuka ya kukaanga, ilitoka kwake ikafika ufukweni. Watu walipita kumwamkia wameinama, wakipiga makofi ya heshima, wakimwita Bwana Boma.

Bwana Boma! Wote wawili waliajiriwa ukarani katika boma la Kigoma wiki moja, vijana wasio na ndevu. Ila Selestini hakukaa. Kabla ya uhuru aliacha kazi, akachukua kiinua mgongo chake, akanunua mtumbwi na nyavu, kisha akamcheka mwenzake: "Wewe baki uwagongee Wazungu mihuri." Mtumbwi ulioza siku nyingi. Pensheni haikuoza.

Mwaka huu likaja tangazo: wastaafu wa zamani wafike ofisini mjini, wahakikiwe kuwa wako hai. Asiyefika atafutwa. Asiyeweza kusafiri atume mtu aliyefanya naye kazi, amtolee ushahidi. Gervasi alikuwa amevunjika nyonga, hata kuinuliwa kuingizwa botini hawezi. Na katika makarani wenzake alikuwa amebaki Selestini peke yake.

"Karani," Gervasi alimwita kutoka kitandani, akapiga makofi taratibu kama alivyomwamkia tangu ujana. "Sina mwingine. Usiponisemea, nimekufa."

"Nitakwenda," alisema Selestini. Moyoni hakuwa ameamua.

Ndani ya boti, katikati ya magunia ya dagaa, alijiambia kwamba si lazima aseme uongo. Angekaa kimya tu. Angesema siku hizi hawaonani. Mpaka anashuka bandari ya Kibirizi, mjini, wazo hilo lilikuwa limeanza kumpendeza.

Ofisini, mtumishi mmoja, binti aitwaye Wema, aliinuka alipoona koti la Selestini la enzi za boma, akatupia jicho orodha ya wastaafu iliyobaki jina moja.

"Shikamoo babu! Ndiwe Mzee Gervasi wa Mwamgongo? Jamani, mpisheni mzee akae!"

Kabla hajajibu aliwekewa kiti chenye mto na soda baridi. Watumishi wengine wakasogea.

"Babu, kweli ulifanya kazi na DC wa Kizungu?"

"Nilifanya," akajibu, na huo haukuwa uongo. Akawasimulia DC alivyoanguka na baiskeli mbele ya watwale, wale machifu wadogo, na makarani walivyogeukia ukutani ili wacheke. Ofisi nzima ikavunjika mbavu. Kumbe haya ndiyo anayokula Gervasi miaka yote, aliwaza. Soda ilikuwa tamu sana.

"Haya babu, weka kidole hapa."

Kidole gumba kikabaki hewani.

"Mimi si Gervasi," alisema polepole. "Mimi ni Selestini. Nilikuwa karani pamoja naye."

Wema akapekua majalada yake, kisha akamtazama kwa huruma. "Babu, waliochukua chao wakaondoka hatuna majina yao. Nani anajua kwamba ulikuwa karani?"

Wote waliojua walikuwa wamezikwa, isipokuwa mmoja.

"Gervasi."

"Na yeye yuko hai?"

"Yuko hai," akasema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Hata hapa amenishinda: sasa mimi ndiye wa kutafutiwa shahidi! Mpigie mkewe simu, umsikie mwenyewe."

Simu ikapokewa na Leonia, akaipeleka kitandani. Wema akaongeza sauti ya simu, akauliza Selestini ni nani.

"Karani mwenzangu huyo!" Gervasi alikohoa. "Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. DC barua zake zote za maana alimpa yeye, na mimi roho inaniuma mpaka leo."

"Basi, babu Selestini, inatosha," alisema Wema, akivuta karatasi. "Weka kidole, wewe ndiye shahidi."

"Subiri kwanza, mjukuu wangu." Selestini alisogeza kiti karibu na simu. "Mwambie arudie hapo kwenye mwandiko. Hapo hajasikika vizuri."