Bifteki ya Siku ya Uhuru

Amissi alipochungulia kutoka jikoni na kumwona Bwana Shamba amekaa kwenye kiti alichowekewa yeye, damu ilimchemka. Kiti hicho kilikuwa na karatasi yenye jina la Amissi tangu asubuhi. Sasa karatasi ilikuwa chini, chini kabisa, imekanyagwa na kiatu cha Mbelgiji huyo.

Miaka kumi na minne alikuwa amempikia Mbelgiji huyo, msimamizi wa mashamba ya michikichi hapo Rumonge. Wiki moja kabla ya Uhuru, Sylvestre, mkuu wa kamati ya sherehe ambaye watu walimwita Prezida, alifika kwake, akanywa chai, akamwahidi kwamba safari hii, kwenye karamu ya Uhuru, atapika kisha atakaa mezani na wakubwa. Amissi aliitangaza habari hiyo kuanzia sokoni hadi msikitini. Mkewe Asiya alimpigia kanzu pasi, na mchana huo alikuwa amesimama uani na wanawake wenzake, amekuja kumwona mumewe akiketi.

Akamwita Sylvestre jikoni. Yule bwana hata haya hakuona. Alisema mzungu amekuja bila kutarajiwa, viti vimekwisha, na tena Muzee Amissi akikaa, nani atapika?

Sylvestre alisahau kwamba nyama bado ilikuwa mbichi. Lilikuwa paja la ng'ombe mzee, mnofu mtupu usio na chembe ya mafuta, na nyama ya namna hiyo Amissi hakuipiga mpaka kikaango kiwe moto. Ukiipiga mapema inatoa maji yote, halafu unatafuna soli ya kiatu. Vipande thelathini vilikuwa vimelala ndani ya majani ya mpapai, vigumu vile vile, vikingoja nyundo ya mti.

Amissi aliichukua nyundo, akatoka nayo hadi mezani, akaiweka juu ya sahani ya Sylvestre. Mtu aliyekuwa akihutubia akanyamaza.

“Prezida,” alisema, “leo munajitawala. Basi mujipigie nyama yenu.”

Mmoja alicheka, akajizuia. Bwana Shamba alikazia macho uma wake. Amissi alisimama pale akiionja hasira yake, na ilikuwa tamu. Miaka yote ile alikuwa akiimeza. Walale njaa. Wakasimulie Bujumbura kwamba Rumonge walilishwa hotuba. Kamati walinong'onezana weee, mwishowe Sylvestre, jasho likimtoka, akainuka na kumwachia kiti chake mwenyewe. Amissi akakaa, akatazama uani ili mkewe amwone.

Asiya hakuwapo uani.

Ndipo aliposikia mchi ukipiga jikoni, mapigo mafupi mafupi ya karibu karibu. Aliyajua. Asiya alikuwa binti wa mchinjaji, na ndiye aliyemfundisha kupiga mnofu mwaka wa kwanza wa ndoa yao, Bwana Shamba alipotaka kumfukuza kazi kwa sababu ya nyama ngumu. Mjini Amissi alisema amefundishwa na masista.

Sahani zilianza kutoka, nyama ikichuruzika mafuta ya moto, vitunguu juu. Asiya alizigawa zote peke yake, kitenge chake cha sikukuu kimetapakaa damu. Ya mumewe aliileta mwisho. Amissi alimnong'oneza kwa ukali: nani amemtuma kuingia jikoni, wakati yeye anawatia watu hawa adabu?

Asiya hakushusha sauti.

“Baba Mwasiti, umekaa. Na hukuuliza nani atapika. Wewe na Prezida muko mutu mumoja.”

Akarudi jikoni, maana kikaango kilikuwa kinaungua. Meza nzima ilikuwa imesikia, na meza nzima ikaendelea kula. Amissi alikata kipande. Kilikuwa laini kuliko chochote alichowahi kupika, na sahani akaisukuma kando. Lakini kwenye kiti hakuinuka.