Nani Hakukimbia

Bwana Mnyororo aliuawa kwa bunduki, lakini Mbwana alikamatwa kwa sababu ya kisu. Dada yake, Mwanaidi, aliligeuza jambo hilo kichwani njia nzima kutoka Sindeni hadi Korogwe, na kila alipoligeuza halikukaa sawa.

Mzungu yule alikuwa mpima ardhi. Jina lake lilikuwa gumu mdomoni, basi watu wakamwita kwa kile chombo chake, mnyororo mrefu wa chuma ambao wapagazi wawili waliuvuta porini kilima hadi kilima. Mwezi huo wa Machi, mwaka 1934, alikuwa amepiga kambi kando ya kijito upande wa Handeni, akiweka mipaka ya shamba jipya la mkonge. Ijumaa moja, saa kumi na moja jioni, alipigwa risasi za marisau mgongoni, hatua mia mbili kutoka kwenye hema lake. Bunduki iliyomuua ilikuwa yake mwenyewe, ile ndogo ya kupigia kanga. Ilikutwa majanini. Na aliyekutwa amesimama mbele ya maiti, anahema, kisu wazi mkononi, alikuwa Mbwana, mchinjaji wa kambi.

Alhamisi iliyofuata Bwana Shauri wa Korogwe, Mzungu wa serikali mwenye wilaya, angesikiliza ushahidi. Akiona unatosha, Mbwana angepandishwa treni ya Tanga kwenda kwa jaji, na hakuna aliyemtarajia arudi na treni hiyo. Mwanaidi alifika Jumanne.

"Taabu ya kaka yako," alisema Lukasi, "ni kwamba kila kinachomtetea kinamshtaki pia."

Lukasi alikuwa mkalimani wa boma, kijana mrefu aliyezaliwa katika kambi ya wakata mkonge na kukulia humo kati ya lugha nne. Alimkaribisha Mwanaidi barazani bila kuombwa. Tangu kesi ifike mezani, alisema, imemkaa kama kipande cha nyama kwenye jino.

"Sema, karani," Mwanaidi alimwambia. "Lakini usiisimulie kama hadithi ya paukwa. Huyo ni kaka yangu."

"Samahani, dada. Haya. Jumatano, siku mbili kabla ya kifo, Bwana Mnyororo aliangusha kanga watatu. Kaka yako alipowafikia wamekwisha kufa. Akakataa kuwachinja."

"Achinje nini? Mizoga?"

"Mimi najua, ingawa ni Mkristo. Mzungu hakujua. Aliona nyama inatupwa na wapagazi wanalala na ugali mkavu. Akampiga kofi mbele ya watu wote. Akamwambia, siku nyingine ukisikia bunduki, kimbia! Inspekta wa polisi ameandika hapo neno moja: chuki. Hiyo ndiyo sababu yake ya kuua."

"Hiyo ndiyo sababu yake ya kukimbia," alisema Mwanaidi. "Aliambiwa akimbie, akakimbia. Na mtu anayekimbilia kuchinja anashika nini? Mwiko?"

Lukasi alicheka, kisha akajikumbuka. "Ndiyo hiyo inayoninyima usingizi. Kofi ni lile lile moja. Ukilitazama huku ni chuki, ukilitazama huku ni utii."

"Wengine je? Hakuna mwingine aliyemchukia?"

"Wapo wazee wa kijiji jirani. Bikoni zake, zile nguzo za mipaka, zilipita katikati ya makaburi yao, wakazing'oa mara mbili. Lakini Ijumaa ile walikuwa Handeni msibani, wameonwa na watu hamsini. Yupo mpagazi aliyefukuzwa kazi, naye siku hiyo alikuwa Mombo. Sasa sikiliza. Bwana Mnyororo alikuwa akiinama kuchungulia kwenye darubini yake ya kupimia, bunduki anaiegemeza kichakani nyuma yake. Yeyote wa kambini alilijua hilo. Mtu anakuja taratibu, anaichukua, anapiga, anaitupa. Kambini palikuwa na watu kumi na mmoja."

"Na hao kumi na mmoja walikuwa wapi?"

"Walikuja mbio baada ya mlio. Si walidhani ni kitoweo?"

"Wote?"

Lukasi aliweka kikombe chini polepole. "Hilo," alisema, "Inspekta hakuliuliza."

Mlangoni mwa mahabusu palikuwa na askari aliyeitwa Athuman, mtu wa tumbo na maneno mengi. Alifunua kikapu cha Mwanaidi hadi chini.

"Mihogo tu? Shemeji, utamuua huyu kabla ya jaji."

"Mimi si shemeji yako. Na hicho kipande ulichoficha kiganjani, kirudishe."

"Nilikuwa nakionja. Ni kazi ya serikali."

Aliwaachia nafasi hata hivyo, akaenda kukaa kivulini. Mbwana alikuja kwenye nondo. Alikuwa amekonda usoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mama anasemaje?"

"Mama anasali. Mimi nauliza. Baada yako, nani alifika pale? Mmoja mmoja."

Mbwana alifumba macho. Walikuja wavuta mnyororo wawili, alisema, kisha mpishi na sufuria, kisha wale wa bikoni wakigombania nani atapata miguu. Aliwahesabu kwa vidole hadi tisa, na yeye mwenyewe wa kumi.

"Na wa kumi na moja?"

"Kasmiri. Mchukua bunduki. Alikuja nyuma kabisa, anatembea."

"Watu wana njaa ya nyama siku tatu, bunduki ya kanga inalia, na mtu anatembea?"

"Mwanaidi."

"Nauliza tu."

"Usiulize kwa sauti hiyo. Athuman ana masikio makubwa kuliko tumbo."

Lukasi aliposikia alisimama, akazunguka baraza mara mbili. "Umempata! Watu tisa na kaka yako waliusikia mlio wakadhani ni nyama. Mmoja alijua si nyama. Alijuaje? Nikimpelekea Bwana Shauri hili leo, kaka yako anatoka, Kasmiri anaingia."

Mwanaidi alishika kikapu chake kumfuata. Kisha akakiweka chini.

"Kwanza nimwone," alisema.

Kasmiri alikuwa amewekwa kama shahidi katika kibanda nyuma ya boma. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, rozari shingoni, anashona mkanda wa ngozi uliokatika. Alimfuata Bwana Mnyororo miaka sita, tangu Kilosa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ni wa Mbwana. Mna paji moja la uso."

"Baba, siku ile hukukimbia."

Sindano haikusimama. "Sikukimbia."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, binti. Mimi ni Mkatoliki. Ijumaa hizi hata kanga angeniangukia mdomoni nisingemtafuna. Sasa nikimbilie nini?"

Lilikuwa jibu zima, halina tundu. Mwanaidi alimshukuru akatoka, na njiani alijisikia mwepesi na mzito kwa wakati mmoja: mwepesi kwa kuwa hakumsingizia mzee wa watu, mzito kwa kuwa Mbwana alibaki palepale.

Lukasi hakukubali kushindwa. "Kwaresima ina Ijumaa nyingi. Ile iliyotangulia je? Alikula nini?"

Mwanaidi alirudi kwenye nondo kuuliza. Mbwana alisita, akasema kwamba Ijumaa ile Kasmiri alikula paja zima, akajifuta mdomo na kusema Mungu humsamehe msafiri.

"Basi!" Lukasi alipiga meza aliposikia. "Amedanganya."

"Au alijuta. Wiki nzima inatosha mtu kujuta."

"Dada, wewe unamtetea nani?"

"Sijui. Lakini nikikupa Kasmiri kwa sababu alitembea, nina tofauti gani na Inspekta aliyemkamata Mbwana kwa sababu alikimbia? Mmoja miguu yake ilikuwa na haraka, mwingine miguu yake haikuwa na haraka. Tunataka kumnyonga mtu kwa mwendo?"

Lukasi alikaa.

"Huyo Bwana Shauri wako," Mwanaidi aliendelea, "anapiga ndege?"

"Jioni akipata nafasi. Kule mtoni, nyuma ya boma."

"Mwambie kesho apige. Akishapiga, asimtazame ndege. Ageuke nyuma."

Lukasi alitazama upande wa mtoni. Kisha akaanza kutabasamu.

Kesho yake jioni Mwanaidi alikuwa mlangoni mwa mahabusu na kikapu chake. Athuman alikuwa amefungua mlango ili kupitisha bakuli, funguo zinaning'inia kidoleni, anapima kwa macho kama mihogo ya leo ina samaki. Hapo bunduki ikalia mtoni.

Athuman aliganda kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha akachomoa panga lililokuwa nyuma ya mlango, akapiga mbio kuelekea mtoni huku akipaza sauti, "Wangu! Wangu! Msimguse!" Mlango aliuacha wazi.

Kutoka sokoni alitoka mchinja mbuzi na kisu chake. Fundi cherehani alikurupuka na mkasi, akaona ni mkasi, akautupa, akaazima kisu kwa muuza miwa na kuendelea. Wengine watatu Mwanaidi hakuwajua. Muuza miwa naye alifuata, mikono mitupu, labda kwa ajili ya kisu chake.

Mwanaidi aligeuka. Mbwana alikuwa amesimama. Alikuwa amekwisha kupiga hatua mbili kuelekea mlango ulio wazi, mkono wa kulia ukipapasa kiunoni mahali ambapo kisu hukaa.

"Kaa chini!" Mwanaidi alimshika shati kwa mikono miwili. "Ukitoka wewe umetoroka!"

Mbwana aliutazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Akakaa. Wote wawili wakabaki hivyo, yeye sakafuni, dada yake ameng'ang'ania shati, mpaka Athuman aliporudi anatweta, hana nyama. Nyuma yake alikuja Bwana Shauri, uso mwekundu, na Lukasi akiwa amebeba kanga aliyechinjwa vizuri kabisa.

Bwana Shauri aliutazama mlango ulio wazi, akamtazama mahabusu aliyekaa ndani, akamtazama askari wake mwenye panga. Aliuliza jambo kwa Kiingereza. Lukasi alilitafsiri kwa sauti ya kanisani.

"Bwana anauliza, Athuman, ulikuwa unakwenda kumuua?"

"Mimi? Bwana! Nilikuwa nawahi kanga!"

Alhamisi baraza lilijaa hadi madirishani. Bwana Shauri alisema kwamba kukimbilia mlio na kisu, katika nchi hii, hakuthibitishi kitu. Kama kungethibitisha, jana angewafunga watu saba, mmoja wao askari wa serikali. Watu walicheka, Athuman akaitazama dari. Lakini Bwana Shauri hakuwa mjinga. Aliinua kalamu, akauliza swali ambalo Mwanaidi alilala akiliogopa.

"Siku ile kambini, nani hakukimbia?"

Lukasi alilitafsiri bila kumtazama Mwanaidi. Wale wavuta mnyororo walisema walikuwa wanatazama mbele. Mpishi alisema alikuwa anaitazama sufuria isije ikaanguka. Kasmiri alikaa kwenye benchi la mashahidi, mikono juu ya magoti, hasemi. Hatimaye swali likamfikia Mbwana, mtu pekee aliyesimama pale mwanzo hadi mwisho.

Neno moja lingemtoa kaka yake moja kwa moja, na kumpa serikali mtu mwingine wa kupeleka Tanga.

"Bwana," Mbwana alisema, "mimi nilikuwa wa mbele. Wa nyuma yangu sikuwahesabu."

Bwana Shauri alimtazama sana. Kisha akaandika, na Lukasi akasoma: mpima ardhi ameuawa na mtu asiyejulikana, ushahidi dhidi ya Mbwana hautoshi, aachiliwe.

Walivuka daraja la mto mchana huohuo, wakashika barabara ya Segera. Lukasi aliwasindikiza hadi mwisho wa nyumba. Aliwaambia kwamba Kasmiri amekata tiketi ya kurudi kwao Kilosa, na kwamba yeye Lukasi hatalala tena mwaka mzima. Kisha akarudi.

Walitembea mpaka mkonge ulipoanza pande zote mbili. Hapo Mwanaidi alishindwa kujizuia.

"Ulimdanganya Bwana Shauri."

"Nilimdanganya."

"Kwa nini? Kasmiri si ndugu yako."

Mbwana alirusha kijiwe kwa ncha ya kiatu. "Alipofika pale, alitumia kofia yake mwenyewe kumfunika Bwana Mnyororo uso. Akapiga magoti, akalia. Unajua sisi wengine tulikuwa tunafanya nini? Tulikuwa tunatazama majanini kama kuna kanga. Kweli, Mwanaidi. Mtu amelala amekufa, na macho yangu mimi yanatafuta ndege. Baada ya hapo nimseme Kasmiri kwa nini?"

"Hata aliyeua anaweza kulia."

"Anaweza. Sijui. Na nisichokijua sikitundiki kwenye shingo ya mtu. Nimekaa siku sita nikiipapasa yangu."

Mwanaidi alitikisa kichwa. Alikuwa amempata kaka yake, alikuwa hapo, anatembea, anatoa harufu ya mahabusu, na hilo lilitosha. Walipita mstari mzima wa mkonge, kisha akamgeukia.

"Hiyo kofia," alisema. "Aliivua pale alipomwona, au alikuja nayo mkononi kabla hajaona kitu?"

Mbwana alisimama katikati ya barabara. Alitazama mbali juu ya mkonge, anajaribu kukumbuka.