Siku ya Mhadhara wa Masikio

Watu walimwita Mratibu, na hata mama yake mzazi alimwita hivyo alipotaka kumchokoza. Kazi yake ilikuwa kuandaa muziki na mihadhara ya bure ya Jumamosi alasiri, katika jumba la zamani la sinema ambalo jiji lilikuwa limeligeuza ukumbi wa umma. Kwaya iliimba, bingwa wa jambo fulani akapanda jukwaani kulieleza kwa lugha ya watu, maswali yakaulizwa, kila mtu akashika njia yake. Kwa kawaida viti vya chini vilitosha na kubaki. Vya juu, kwenye roshani iliyotokeza ndani ya ukumbi juu ya mlango mkubwa, walikaa wapenzi wawili watatu waliotafuta faragha kuliko elimu.

Siku ya mhadhara wa masikio mambo yalikuwa mengine. Tangazo lilisema daktari akimaliza kuzungumza atawapima watu usikivu, bila malipo. Na nani hana mzee nyumbani anayefungulia redio mpaka mtaa mzima unapata habari? Watu walikuja na wazazi wao, babu zao na shangazi zao. Ukumbi ukafurika, wakapanda roshani, waliokosa viti wakakaa kwenye vidato vya katikati.

Mama yake Mratibu alikuwa huko juu, safu ya mbele kabisa, fimbo mapajani. Alikuwa amekuja mapema kukiwahi kiti hicho. Masikio yake yalikuwa yamekwisha nusu, naye hakuwahi kukiri. "Si kwamba sisikii," alizoea kusema. "Ninyi siku hizi mnanong'ona."

Kwaya ilipoanza, Mratibu alikuwa amesimama nyuma, chini ya roshani. Kwaya hiyo iliongozwa na shemeji yake, mume wa mdogo wake, mtu wa kifua kipana aliyeitwa Besi kwa ajili ya sauti yake. Wimbo ulikuwa wa makofi na miguu. Walio juu wakapiga miguu kwa raha zao, na Mratibu akahisi kitu begani. Akakipangusa. Vumbi jeupe. Likaanguka tena, safari hii na kipande cha lipu chembamba kama ganda la yai.

Aliinua macho. Ufa ulikuwa umepita chini ya roshani kutoka nguzo hadi nguzo, na kila miguu ilipotua juu, ufa ulifumbuka kidogo, kisha ukajifumba.

Alijiambia ni macho yake tu, ni uchovu. Akatazama tena, na ufa ukafumbuka tena.

Alimfuata msimamizi wa jengo pale mlangoni. "Mzee, hebu tazama pale."

Msimamizi alitazama. "Hiyo ni lipu tu," alisema. Lakini alipokuwa akisema alijisogeza pembeni, akatoka chini ya roshani, na Mratibu alimwona.

"Tuwatoe watu."

"Ukitamka neno moja watakanyagana. Ngazi ya kushukia ni moja, na nyembamba. Utawaua kwa mdomo kabla jengo halijawaua."

Alisema kweli. Mratibu akinyamaza, wataanguka. Akisema, watakanyagana. Akapita ukutani kuelekea jukwaani, akitabasamu kwa kila aliyemtazama. Alimfanyia Besi ishara akate wimbo. Besi alikata beti zilizobaki na kuinama ukingoni mwa jukwaa.

"Vipi, shem?"

"Usigeuke kutazama. Roshani inapasuka."

Besi hakugeuka. Jasho tu lilimtoka juu ya mdomo. "Mama?"

"Yuko huko huko."

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, ambaye tangu afike alikuwa akiogopa wingi wa watu. Mratibu alimnong'oneza sikioni. Daktari alisikiliza, akafunga karatasi zake taratibu.

"Mimi si mwigizaji," alisema.

"Leo tusaidie, dada yangu. Wewe watakusikiliza."

Daktari alikamata kipaza sauti. Mwanzoni sauti ilimtoka nyembamba. "Jamani, kabla sijaanza tutafanya jaribio la masikio. Humu ndani halifai, kuta zinarudisha sauti. Tutalifanya uani. Na watakaotoka bila kusikika hata unyayo, hao ndio nitakaowapima kwanza."

Watu walicheka. Aliwaanza waliokaa chini ya roshani, kisha akaita walio juu, safu ya nyuma kwanza, safu kwa safu. Ukumbi mzima ukaanza kutoka kwa kunyata. Wazee walishikilia mikufu isilie, akina baba walibeba viatu mkononi, mtu akikohoa wenzake wakamsuta kwa macho. Ilikuwa kama mchezo wa watoto, na wote walikuwa wakitabasamu, isipokuwa wanne waliojua.

Mratibu alisimama chini ya ngazi kuwapokea. Kipande cha lipu kilidondoka karibu na mwanamke aliyekuwa akimwongoza baba yake. Mwanamke akatazama juu, kisha akamtazama Mratibu. Mratibu aliweka kidole mdomoni. Uso wa yule mwanamke ukabadilika rangi. Aliushika mkono wa baba yake kwa nguvu, akatoka bila kusema neno, na Mratibu alimshukuru moyoni kuliko alivyowahi kumshukuru mtu.

Wa mwisho aliposhuka, mama yake Mratibu hakuwa miongoni mwao.

Mratibu alirudi katikati ya ukumbi, akatazama juu. Mama yake alikuwa peke yake, ameegemea ukingo, anasubiri daktari aanze. Hakuwa amesikia lolote. Mratibu akampungia mkono ashuke. Mama naye akampungia.

"Napanda mimi," alisema Besi, akiteremka jukwaani.

"Wewe ni mzito. Nenda nje."

Alivua viatu. Kila kidato cha ile ngazi kilimwomba arudi. Huko juu sakafu ilikuwa imeinama kuelekea jukwaani, kidogo tu, kiasi cha mtu kuhisi nyayo zinavutwa mbele. Ndani ya mbao kulitoka mlio mdogo mkavu, kama mtu anayealisha viungo vya vidole. Akasimama. Mlio ukanyamaza. Akashuka safu baada ya safu, akishika migongo ya viti, akiwaza kwamba pumzi zake nazo zina uzito.

Mama aligeuka. "Hawa wamekwenda wapi? Daktari hajaanza."

"Tunatoka, mama."

"Eti?"

"Tunatoka."

"Na kiti changu je? Nimekiwahi mwenyewe, mtu asije akaniletea habari."

Mratibu hakuthubutu kupaza sauti. Aliinama mpaka midomo yake ikagusa sikio la mama. "Mama, naogopa. Nishike mkono."

Tangu alipoota meno ya ukubwani hakuwahi kumwambia mama yake maneno hayo. Mama alimtazama usoni, akaona alichokiona, akainuka bila swali. Fimbo iligonga sakafu mara moja. Mratibu aliichukua, akaibeba kwapani, mama akamwegemea yeye. Walipanda kuelekea ngazi polepole mno, na nyuma yao mbao zikaanza tena kualisha vidole, safari hii bila kupumzika.

Nje, uani, jua lilikuwa kali na watu wamechoka kusubiri jaribio. Daktari akawaeleza ukweli. Wengine walishika vifua. Wengine walikasirika.

"Semeni tu mmezidiwa na watu," alisema bwana mmoja mwenye mwavuli. "Cha bure siku zote kina masharti."

Walikaa hapo, na jumba likabaki limesimama. Msimamizi wa jengo alipata ulimi. "Nilikuambia ni lipu tu. Sasa umeniharibia jina la ukumbi."

Hofu nyingine ilikuwa imemwingia Mratibu mahali pa ile ya kwanza: huenda kweli ilikuwa lipu tu. Aliona vichwa vikigeuka kumtazama, akaona haya.

"Shem, kinanda cha kwaya kimebaki jukwaani," Besi alisema. "Nakifuata mara moja. Napita mlango wa pembeni, roshani iko mbali na pale."

"Usiende," alisema Mratibu. Lakini alisema kwa sauti ya mtu asiyejiamini, na Besi akaisikia hivyo hivyo. Akaenda.

Hakukuwa na mlipuko. Ulikuja mkwaruzo mrefu, kisha kimya, kisha ardhi ikatikisika chini ya miguu yao, na milango yote ikatema vumbi kwa pamoja. Watu walikimbilia barabarani. Mratibu alikimbilia ukumbini, mama yake akamdaka kwa nyuma, akamng'ang'ania kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua bado anazo.

Besi alitoka mlango wa pembeni akijikokota kwa viwiko, mweupe kichwa hadi miguu. Roshani ilikuwa imeanguka mbali naye, lakini safu ya viti iliruka ikamfuata jukwaani. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeelekea upande usio wake. Alikuwa akipumua. Daktari alipiga magoti kando yake, akafanya kazi yake.

Besi alipona, ila mguu haukunyooka. Yeye hakumlaumu Mratibu hata siku moja. Aliyemlaumu ni mkewe Besi, mdogo wake Mratibu.

"Ungemkataza kama mtu mzima," alimwambia hospitalini. "Ulimkataza kama mgeni." Kisha akaacha kabisa kuzungumza naye, akipokea simu za mama tu.

Jumba lilifungwa. Kwa muda mrefu mihadhara ilifanyika kwenye viwanja, chini ya turubai. Daktari alirudi akapima masikio, na mama akamwambia kwa adabu kwamba mashine yake imeharibika. Mratibu aliendelea na kazi, lakini kila alipoingia benki, kanisani au dukani, macho yake yalitangulia darini. Usiku alilala karibu na mlango.

Mvua zilipoanza, wakapewa bwalo la shule moja, la chini, jipya, lisilo na roshani wala kitu. Mratibu alifungua milango, akasimamia upangaji wa viti akiwa mlangoni, akielekeza kwa mkono, na watu walipojaa alibaki kizingitini. Mhadhara ulihusu nyuki. Besi aliongoza kwaya akiwa ameketi.

Mdogo wake Mratibu alikuja amechelewa, mwavuli unadondosha maji. Alisimama karibu naye, asimtazame.

"Mbona huingii?"

"Siwezi. Bado."

Mdogo wake alichungulia ndani, akamwona mumewe, akaona dari. Akakunja mwavuli, akaketi kwenye kidato cha mlango, akajisogeza kumwachia nafasi.

"Basi tukae hapa," alisema. "Nyuki tutawasikia."