Saumu ya Mwanakhamis

Siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, adhuhuri, Mwanakhamis hashikiki. Mwezi ukiandama jioni, kesho ni Idi, na wakwe wa bintiye, watu thelathini kasoro, watakuja kula kwake Ndia Kuu, Mombasa. Ilikuwa Idi ya kwanza tangu uhuru, naye alitaka isemwe mpaka Idi nyingine. Mapazia aliyonunua Biashara Street hayajatiwa pindo. Vileja, biskuti za Idi, viko jikoni, moto juu moto chini, na nani wa kuvitazama?

"Swabaha! Sinia hizo bado?"

Swabaha, huyo bintiye, alikuwa uani akisugua sinia za shaba kwa ndimu na jivu. Mimba yake ya kwanza, mwezi wa nane, amekuja kwao kujifungua kama ilivyo ada. Na alikuwa amefunga. Mja mzito ana ruhusa ya kula, hata mtoto wa chuo cha Kurani alijua hilo. Lakini Ramadhani ilipoanza Mwanakhamis, ambaye majisifu hayamwishi, alisema: "Mimi nalifunga thelathini zote na wewe tumboni, na nikapika." Basi binti akaona haya kula.

Sinia ikaanguka kwa kishindo. Mwanakhamis alipofika uani, Swabaha alikuwa amelala sakafuni, midomo imemkauka.

"Mama," alisema, "mtoto hajacheza tangu daku."

Tangu daku! Na yeye tangu asubuhi anamkaripia mwana wa watu kwa ajili ya mapazia. Mwanakhamis akachota maji mtungini, akatia sukari, akamsogezea kinywani. Swabaha akageuza uso.

"Imebaki leo tu, Mama. Wewe ulimaliza."

Hapo ikasikika hodi, na mwenye hodi hakungoja karibu. Alikuwa Bi Mwanakuu, mama wa mume wa Swabaha, mtu wa kuona vumbi hata pasipo na vumbi. Akasimama na buibui lake, akinusa vileja vinavyoungua.

Mwanakhamis angeweza kusema ni joto tu. Ulimi ulikuwa tayari. Akalitazama tumbo la mwanawe, limetulia tuli, akaona heri aibu.

"Sikufunga," alisema. "Hata siku kumi sikufika. Nalikuwa nikila nyuma ya mlango wa jikoni, kisha napangusa mdomo. Uwongo mtupu, Swabaha. Kunywa, mwanangu."

Swabaha akanywa kikombe cha kwanza, akanywa cha pili. Mwanakhamis akaweka kiganja tumboni, akangoja. Hakuna kitu. Vileja viliungua na hakuna aliyeinuka. Bi Mwanakuu akapiga magoti, akaweka mkono wake kando ya ule wa mwenziwe.

"Kwa nini ulinambia ulifunga?" Swabaha aliuliza.

"Mamangu naye alinambia alifunga."

Bi Mwanakuu akashusha pumzi. "Na mie wangu alinambia hivyo hivyo," alisema. "Nikamwamini, nikafunga. Mtoto wangu wa kwanza sikumpata."

Wakabaki hivyo, mikono tumboni, mpaka mtoto akapiga teke, kisha jingine, la nguvu zaidi.

Mwanakhamis akalia pale pale sakafuni. "Kesho sipiki," alisema.

"Na nani alikwambia upike?" Bi Mwanakuu akamjibu, akampa Swabaha kikombe cha tatu, akatoka kumwita mkunga.